Nambari ya Mwezi Isiyovunjika

Dama ndiye aliyenishika shati. Siku niliyokabidhi funguo za kabati langu la vifaa, alinisimamisha mlangoni mwa karakana akasema, "Mzee Charo, usiondoke na mambo yako yote kichwani. Tuandikie." Dama ni mhandisi, na sasa ndiye anayeisimamia karakana yetu ya Changamwe, pale malori yanapoteremkia Kipevu. Nilimwambia mimi kazi yangu ilikuwa kuchonga meno ya magurudumu, kalamu siijui. Akasema hayo hayo meno ndiyo anayotaka niyaandike. Basi nimekaa kibarazani kwangu Mtopanga, miwani puani, na ninyi vijana mtanivumilia nikirefusha. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo nilipata viwili tu, na vyote nilivivaa kwenye ovaroli moja.

Watu hudhani fundi wa gia ni mtu wa chuma. Chuma si kigumu kukielewa. Ukikikosea kitakukata au kitakuunguza, na siku hiyo hiyo mtapatana. Kilichonishangaza miaka yote ya kazi, na kinachonishangaza hata leo nikiwa sina kazi, ni nambari. Nambari haikukati wala haikuunguzi. Inakaa kimya tu jinsi ilivyo, na huwezi kuifanya lolote.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Fundi Mbwana. Alikuwa Mdigo wa Likoni, bado kijana wakati ule, lakini alikuwa na utulivu wa mtu mzima na hakuna aliyethubutu kumpigia kelele. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Kaloleni, viatu vya kuazima, cheti cha shule mfukoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Waitwaje?"

"Charo."

"Charo, wajua kuhesabu?"

"Najua, Fundi."

"Haya. Tutaona."

Akanipeleka kwenye mashine ya kuchongea meno. Ninyi mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wake na waume zenu. Gurudumu unalotaka kulichonga linashikwa na kichwa cha chuma chenye mkono wa kuzungusha. Ukiuzungusha mkono mara arobaini, gurudumu linazunguka mara moja. Pembeni kuna sahani zilizotobolewa matundu kwa duara: duara la matundu ishirini na saba, duara la thelathini na tisa, na mengine. Unahesabu matundu, unachomeka pini, unachonga jino moja, kisha unahesabu tena. Ukipata duara linalofaa, meno yatatoka sawasawa bila kupima kwa jicho.

Fundi Mbwana aliniambia nitafute jinsi ya kugawanya gurudumu meno hamsini na mbili. Nikapata: matundu thelathini kwenye duara la thelathini na tisa. Akaniambia hamsini na nne. Nikapata: matundu ishirini kwenye duara la ishirini na saba. Nikaanza kujiona mtu. Ndipo akasema, "Sasa nitafutie hamsini na tatu," akaenda zake.

Nilihangaika asubuhi nzima. Nilijaribu sahani zote, duara baada ya duara. Nilizipindua nikajaribu upande wa pili, kana kwamba jibu lilikuwa limejificha mgongoni. Aliporudi baada ya swala ya adhuhuri, alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya sahani kama mwuza vyombo gulioni.

"Imekataa?"

"Imekataa, Fundi. Nadhani kuna sahani moja imepotea."

"Hakuna iliyopotea. Hamsini na mbili ina vipande ndani yake, yavunjika. Hamsini na nne pia yavunjika. Lakini hamsini na tatu haina kitu ndani. Ni yenyewe na moja, basi. Kuigawanya wahitaji duara la matundu hamsini na tatu, na kutoboa matundu hayo wahitaji kwanza uwe umeshaigawanya."

Nikamuuliza swali ambalo pengine lilimfanya anipende. "Nani aliifanya hivyo?"

"Hakuna mtu," akasema. "Hata watu wangekuwa hawajazaliwa, ingekuwa vivyo hivyo."

Sijui kwa nini maneno yale yaliniingia vile. Nilitazama ule mduara wa chuma mbele yangu, nikahisi nimegonga ukuta ambao haukujengwa na yeyote, na ambao upo mahali pote kwa pamoja. Shuleni nilifundishwa kwamba nambari kama hizo huitwa nambari tasa, nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Lakini kuambiwa ni jambo moja, na kuzuiwa nazo mikono yako ikiwa na grisi ni jambo lingine.

Mchana ule alinionyesha njia ya mafundi. Unachukua nambari ya jirani inayokubali, kisha unafunga magurudumu madogo nyuma ya sahani ili sahani yenyewe isogee kidogo kidogo na kufidia tofauti. "Ukikosa nambari, azima ya jirani," alisema, "halafu lipa tofauti." Jioni nilikuwa na gurudumu la meno hamsini na tatu mkononi. Vijana, mashine za Dama za siku hizi zinafanya hivyo zenyewe ukibonyeza, na sina kinyongo nazo. Ila siku moja zima umeme mjaribu kwa mkono, mjue mashine inawafichia nini.

Kazi iliyonikomaza ilitoka Mwakirunge. Kulikuwa na machimbo ya mawe, na mashine yao ya kusaga kokoto ilikuwa ikila magurudumu. Wakibadilisha, baada ya muda yale yale yanavunjika, tena meno ya upande mmoja tu. Wenye machimbo walisema chuma ni kibaya. Wafanyakazi walisema kuna mtu ameiroga mashine. Nilikwenda na Fundi Mbwana, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, na yeye hakugusa chuma kwanza. Alihesabu meno. Gurudumu dogo lilikuwa na ishirini, kubwa themanini.

"Waona tabia yao?" akaniuliza.

Sikuona.

"Ishirini inaingia katika themanini mara nne kamili. Basi kila jino la dogo linakutana na meno manne yale yale ya kubwa, maisha yake yote. Moja likiwa na kasoro, litawapiga wale wanne mpaka wafe."

Tulichonga dogo jipya la meno ishirini na moja na kusogeza kidogo beringi inayoshika mhimili wake ili kulipa nafasi. Jino moja tu tuliongeza. Sasa fanyeni hesabu wenyewe: ishirini na moja na themanini hazina kipande cha kushirikiana. Kila jino la dogo sasa linakutana na kila jino la kubwa, na meno mawili yakishaachana hayakutani tena mpaka magurudumu yameumana jino kwa jino mara elfu moja mia sita na themanini. Kabla ya hapo ilikuwa themanini tu. Mashine ilinyamaza ikasaga mawe. Wenye machimbo walituletea mbuzi, na aliyesema habari za uchawi alisema ametuona tukiusoma. Mimi njiani kurudi nilikuwa bado nikihesabu vidoleni. Jino moja! Ni kama mtaa mzima uliokuwa hausemezani umeanza kusalimiana kwa sababu amehamia mpangaji mmoja.

Miaka ilikwenda. Fundi Mbwana alistaafu kabla yangu, akarudi kwake Likoni, kwenye shamba dogo la minazi na mihogo na mkewe Bi Saumu. Nilikuwa nikivuka feri kwenda kumsalimia kila nilipopata nafasi. Sukari ilikuwa imemwingia, kisha ikapanda machoni. Mwaka wangu wa mwisho kazini, nilimkuta amekaa kibarazani, uso ameuelekeza barabarani, na hakunijua mpaka nilipofungua kinywa.

"Daktari asema la kulia limekwisha," aliniambia. "La kushoto lina miezi. Hajui mingapi."

Bi Saumu alituletea chai na mkate wa sinia, akakaa nasi. Fundi Mbwana aliushika mkono wangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Charo, mimi tangu nina akili, kila mwezi ukiandama natoka kuutazama. Babangu alikuwa hivyo, na babuye. Mwezi uliopita nilisimama nyuma ya msikiti pamoja na wenzangu. Wakasema, ule pale. Nami nikaitika, ule pale. Wallahi sikuuona."

Bi Saumu akainamisha uso. Nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia.

"Nataka unitengenezee mwezi wa kushika," akasema. "Magurudumu, kama tulivyokuwa tukifanya. Niutie kidole nijue una siku ngapi. Na uwe tayari kabla jicho hili halijafunga, niutazame ule wa mbinguni na huu wako siku moja, nione kama wapatana. Nikishaona mara moja, nitauamini mpaka nife."

Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya Ramadhani. Akatikisa kichwa. "Mambo ya kufunga na kufungua yana wenyewe, watatangaza walioona kwa macho. Huu ni wangu mimi."

Nilirudi ng'ambo nikiwa na furaha ya kijana. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Saa ya kawaida inaweza kuzungusha ekseli, yaani mhimili, mara moja kwa siku; kutoka hapo unahitaji magurudumu ya kuipunguza kasi hadi mzunguko mmoja kwa mwezi mmoja. Nilichohitaji ni kujua mwezi una siku ngapi kamili, na nambari hiyo ivunjike vipande vidogo, maana kila kipande ndicho kinachogeuka kuwa meno ya gurudumu.

Mwezi wa Mungu hauna siku kamili. Una ishirini na tisa na nusu na kitu. Ukitumia nusu peke yake, gurudumu litakosea siku nzima kabla miaka mitatu haijaisha, na Fundi Mbwana angelitupa kisimani. Dama alinitafutia urefu ulio bora zaidi: ishirini na tisa nukta tano tatu, halafu mkia mrefu wa tarakimu. Nikaanza na ishirini na tisa nukta tano tatu. Kwa lugha ya gia hiyo ni elfu mbili mia tisa hamsini na tatu kwa mia moja. Nikatafuta vipande vya elfu mbili mia tisa hamsini na tatu. Nilijaribu tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikaendelea kwa saa nzima ya chakula na siku iliyofuata. Haina. Ni tasa.

Dama aliponiona natafuna kalamu akauliza kuna nini. Nilipomweleza hakucheka. Alivuta kiti akawasha kompyuta, na kwa siku kadhaa sisi wawili tulikuwa tukila mihogo ya nazi juu ya meza yake tukiufukuza mwezi. Kila nambari nzuri tuliyoipata ilikuwa imefungwa. Ndipo siku moja akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ndege na hataki kumtisha.

"Mzee, tazama hii. Miezi mia nane na hamsini. Siku elfu ishirini na tano mia moja na moja."

"Inakosea kiasi gani?"

"Baada ya miezi yote mia nane na hamsini, haifiki dakika moja."

Fikirini maana yake. Mwezi unaandama mara mia nane na hamsini, na mwisho wake siku zinatoka kamili, hakuna nusu, hakuna mkia, kana kwamba mtu amefunga mlango ukaingia barabara kwenye fremu yake. Nikapiga hesabu ya miaka: ni sitini na minane na miezi kadhaa. Ni umri wa mtu. Fundi Mbwana alikuwa anakaribia sabini. Tangu azaliwe nambari ile ilikuwa imezunguka mara moja tu, na ilikuwa imemaliza juzi juzi.

Sikungoja jioni. Nilivuka feri na ovaroli mwilini.

Fundi Mbwana aliniambia niitaje mara ya pili, polepole. Elfu ishirini na tano, mia moja na moja. Midomo yake ilikuwa ikiifuata.

"Subhanallah," akasema. "Hiyo ndiyo yake hasa. Nichongee hiyo."

Nikamwambia nitaivunja kesho. Na kweli ilianza vizuri. Jumlisheni tarakimu zake: mbili na tano na moja na sufuri na moja, tisa. Basi tisa inaingia. Nilipoigawanya kwa tisa nikabaki na elfu mbili mia saba themanini na tisa, na hapo ndipo mambo yaliposimama. Nilijaribu saba, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Kumi na saba ilikosa kwa moja. Arobaini na moja nayo ikakosa kwa moja, na moyo wangu ukaruka kabla ya kutua. Nikafika arobaini na saba. Baada ya hapo hakuna haja, kwa sababu hamsini na tatu mara hamsini na tatu tayari inapita. Nambari ya mwezi, iliyo sahihi kuliko zote tulizozipata, ilikuwa na jiwe moja katikati yake, nalo halivunjiki.

Kuna kijana mmoja pale karakana, simtaji, alinishauri nichonge gurudumu la meno elfu mbili mia saba themanini na tisa. Kwa jino dogo kabisa ninaloweza kulichonga, kipenyo chake kingekaribia mita moja na nusu. Bi Saumu angelazimika kulala nje.

Kilichonitesa zaidi ni jirani yake. Punguzeni moja: elfu mbili mia saba themanini na nane. Hiyo ni nne mara kumi na saba mara arobaini na moja, inavunjika kama biskuti kwenye chai. Wawili hawa wamekaa bega kwa bega tangu kabla ya dunia, mmoja yuko wazi kwa kila mtu na mwenzake amejifunga hata sindano haiingii. Nikitumia huyu aliye wazi, mwezi ungekosea siku nzima kabla ya miaka minane. Tofauti ni moja tu. Nilikuwa nikilala nikiiwaza ile moja.

Nilipompelekea Fundi Mbwana habari, hakukubali. Na hapa ndipo nilipoogopa, maana wiki zilikuwa zinapita. Alikuwa amekwisha kuipenda nambari ile, akaona ni yake. Alisema hataki mwezi wa kukadiria. Alisema nirudi nikatafute tena, pengine nimekosea kugawanya. Nilirudi nikatafuta tena, kwa adabu tu, nikijua ukweli. Siku ya Ijumaa Bi Saumu alinipigia simu.

"Charo, baba, leo amemimina chai nje ya kikombe. Akasema kikombe kimesogezwa. Hakikusogezwa. Fanya haraka."

Nikaenda. Nikakaa karibu naye, nikamwambia wazi. "Fundi, ikishatoka tisa, iliyobaki haivunjiki. Si kwa sahani zetu, si kwa kompyuta ya Dama, si kwa mtu yeyote atakayezaliwa."

"Umejaribu kumi na tatu?"

"Nimejaribu."

"Ishirini na tisa?"

"Nimejaribu."

Akafumba macho akaanza kugawanya mwenyewe kichwani, vidole vikitembea juu ya goti. Nilimwona akifika mahali nilipofika mimi, maana uso wake uliruka vilevile kwenye arobaini na moja, kisha ukashuka. Aliendelea hadi arobaini na saba. Akafungua macho, lile linaloona na lile lisiloona.

"Haina kitu ndani," akasema.

"Haina."

"Hata Mwenyezi Mungu hakuigawanya."

"Ndivyo alivyoiacha, Fundi."

Nilitegemea huzuni. Badala yake uso ulimnyooka, akawa kama mtu aliyeingia nyumba kubwa akavua viatu bila kuambiwa. "Basi mwezi una siri yake," akasema, "na umeiweka mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Nimefurahi kuijua. Sasa tuiache, ina mwenyewe." Kisha akaugeuza uso kwangu na sauti ikarudi kuwa ya karakana. "Jirani yake ni nani?"

Nilikuwa naye tayari. Siku mia tisa arobaini na tano kwa miezi thelathini na miwili. Mia tisa arobaini na tano ni mkarimu ajabu: tatu, tatu, tatu, tano na saba, zote ndani yake. Inakaa kwenye magurudumu mawili, la meno sitini na matatu na la meno tisini, yakisukumwa na madogo ya kumi na mawili na kumi na sita. Meno ya kawaida kabisa. Hata siku yangu ya kwanza ningeyachonga.

"Uongo wake?"

"Karibu dakika moja kila mwezi."

"Na utafika lini siku nzima?"

"Miaka mia moja na ishirini na kidogo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wakati huo wewe na mimi hatutakuwapo kuushitaki. Chonga!"

Nilichonga kwa shaba ya njano, saa za chakula na jioni kabla ya kufunga, Dama akiniachia mashine na kuniletea saa ya ukutani niitoe mashine yake iyazungushe magurudumu yangu. Niligawanya kwa mkono, tundu kwa tundu, ingawa mashine mpya ilikuwa pale pale imekaa bure. Mwezi wenyewe niliukereza uwe mpira wa shaba wa kujaa kiganja. Nusu yake niliisugua ikawa laini kama yai, nusu niliitia mikwaruzo. Nikauweka nyuma ya bamba lenye tundu la mviringo, hivi kwamba kidole kikipita juu ya tundu kinakuta ulaini mwingi au kidogo kulingana na siku. Mwezi mchanga ni ukingo mwembamba tu wa ulaini upande mmoja. Mwezi mpevu ni ulaini mtupu. Dama alifumba macho akaujaribu kabla haujatoka karakana. Alisema hajawahi kuugusa mwezi, na akabaki ameuwekea mkono kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji majaribio.

Niliupeleka Likoni mwezi wa mbinguni ukiwa katikati, nikauweka sawa nao, tukaungoja uishe. Siku ya ishirini na tisa nilifika kabla ya magharibi. Bi Saumu alikuwa amefagia kibaraza na kumvalisha mumewe kanzu safi. Mtambo tuliuweka kwenye kigoda kando yake. Jua lilipozama mbingu ilikuwa safi, na baada ya dakika chache niliuona. Ulikuwa mwembamba kama ukucha, umelala kidogo juu ya paa la jirani.

"Uko?"

"Uko, Fundi. Juu ya lile paa, kuume kidogo."

Aliinua uso. Nililiona jicho lake la kushoto likitafuta. Lilipita juu ya mwezi likaenda mbele, likarudi, likapita tena. Bi Saumu alimshika mabega akamgeuza taratibu, akamwelekeza sawasawa. Tukangoja. Sikuwahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyoomba pale, mimi mtu wa kanisa, mbele ya mwezi wa Waislamu.

"Siuoni," alisema.

Tulikuwa tumechelewa, sijui kwa siku ngapi. Nilitaka kumwambia kwamba nambari mbili zinapatana, kwamba nimeziona kwa macho yangu mawili, lakini yeye ndiye aliyetaka kuona.

Akanyoosha mkono akapapasa kigoda mpaka akaupata mtambo. Kidole gumba kikapita juu ya tundu, juu ya mikwaruzo, polepole, kikafika ukingoni kikasimama. Akakirudisha. Akakipeleka tena pale pale.

"Mwembamba hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo."

"Umelala upande huu?"

"Upande huo."

Kidole hakikutoka. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, wala hakuyaficha. "Mara hii sikusema ule pale," alisema. "Mara hii naujua." Halafu akaniambia, kwa ile sauti ya kupanga kazi, "Mwezi ujao usihangaike kuja. Nitakupigia mimi."

Nilistaafu mwezi huo huo, ndiyo maana mwezi uliofuata nilikuwa nyumbani. Mvua ya masika ilikuwa imeanza, na mbingu ya Mtopanga ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Majirani zangu walikuwa barabarani wakitazama juu na kubishana, huyu akisema ni leo, yule akisema ni kesho, na hakuna aliyekuwa na hata nyota moja ya kumsaidia. Simu yangu ikalia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Charo, mwezi umeandama."

"Huku kwetu ni mawingu matupu, Fundi. Hatuoni kitu."

"Najua hamuoni," akasema. "Ndiyo maana nimekupigia."